Mke Hamwibii Mume

Akwi aliiba ng'ombe wa mumewe asubuhi, jua limeshatoka, akiwa amevaa gauni lake la kanisani, na njia nzima alikuwa akisalimia watu. Waliokuwa wakipalilia mtama pale Kirewa waliinua migongo wakamwuliza anampeleka wapi Chai. Akawajibu kwamba anampeleka kwa baba yake, kule karibu na Busia. Wakamwambia basi amsalimie mzee Etyang, wakarudi kwenye magugu yao. Hakuna aliyedhani kwamba ameona mwizi, kwa sababu wezi wa ng'ombe wa huko walikuwa na desturi zao zinazojulikana, na kusimama njiani kuulizana hali ya watoto haikuwa mojawapo.

Chai alikuwa jike wa rangi ya chai ya maziwa, ndiyo maana watoto wakamwita hivyo, na pembe yake moja ilikuwa imepinda kuelekea jicho. Alikuwa mpole. Akwi alitembea naye siku nzima, wakapumzika mtoni, na jioni Akwi akamwingiza katika boma la baba yake. Mzee Etyang alimtazama ng'ombe, akamtazama binti yake, akauliza kama mkwe wake anaumwa. Akwi akasema mkwe hajambo, yuko mnadani. Mzee hakuuliza la pili. Alikuwa amemngoja ng'ombe huyo miaka mingi mno, wala hakutaka kuiharibu furaha yake kwa maswali.

Kesho yake Akwi akapanda basi, akarudi Kirewa kupika. Jambo hilo la kupika tuliweke akilini, maana tutalikuta tena mahakamani.

Owor, mumewe, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Leo Tororo, kesho Busia, kununua huku na kuuza kule, na alijua bei ya kila mnyama mwenye kwato hadi Majanji ufukweni. Mnyama mmoja tu ndiye aliyemshinda kumpata, naye ni ng'ombe wa mwisho wa mahari ya Akwi. Alimwahidi mzee Etyang wakati Akwi ana mimba ya Loy, na sasa Loy alikuwa darasa la tano. Mwaka mmoja sababu ilikuwa ukame. Mwaka mwingine ilikuwa mvua. Kisha bei ikapanda, kwa hiyo haikufaa kumtoa ng'ombe. Kisha ikashuka, kwa hiyo ikafaa kungoja. Mwaka wa Uhuru alimtumia mkwewe salamu kwamba wasubiri kidogo, huenda serikali mpya ikafuta mahari. Serikali mpya ilikuwa na mambo mengine ya kufanya, na Owor akarudi kwenye ukame.

Na huyu Owor alikuwa mzee wa kanisa. Kwa kuwa kanisa lao halikumpa uzee mtu ambaye ndoa yake ina deni, alikuwa amesimama mbele ya wenzake akasema mahari imekwisha, yote, mpaka mbuzi wa shangazi. Wakamwombea. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaasa vijana wamalize mahari mapema, na aliwaasa vizuri sana, kwa sababu jambo hilo alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu.

Akwi angeendelea kunyamaza kama mama yake asingefariki. Msibani, wanawake walioolewa walikaa mbele kwenye mikeka, na wake za ndugu zake wakampa Akwi mtungi akateke maji pamoja na wasichana. Hawakumtukana. Walimwambia kwa upole kabisa kwamba yeye bado ni wa nyumbani, ng'ombe wake hawajatimia, kwa hiyo asijikalishe kama mgeni. Mama wa watoto wanne alipanga foleni kisimani nyuma ya watoto wa shule, siku ya kumzika mama yake, na aibu ile ilimchoma kuliko msiba wenyewe. Kisha akaja Ikiring, mdogo wake, kumlilia. Ikiring alikuwa na mchumba huko Bulumbi, na wazazi wa msichana walikuwa wamesema kwamba mahari isipotimia kabla ya mavuno watamsikiliza mtu mwingine, fundi cherehani mwenye baiskeli mpya. Boma la Etyang lilikuwa limepungukiwa ng'ombe mmoja tu. Kila mtu alijua yuko wapi, na Ikiring alipokwisha kulia, Akwi naye akajua la kufanya.

Owor aliporudi kutoka mnadani alioga, akala ugali wa mtama na samaki mkavu aliyeungwa kwa simsim, akaongezewa mchuzi, akanawa, na ndipo alipotoka kutazama boma. Akarudi akauliza Chai yuko wapi. Akwi akamwambia kwamba yuko kwa baba yake, na kwamba mahari sasa imekwisha. Owor akakaa kimya. Kwa kweli huenda angekaa kimya mpaka leo, maana hakuwa mtu wa fujo, na upande mmoja wa moyo wake ulikuwa umepata nafuu. Tatizo lilikuwa wanaume wenzake. Siku iliyofuata alikwenda penye pombe ya malwa, mahali ambapo yeye kama mzee wa kanisa alikuwa akienda kukaa tu. Akiwa amekaa tu, mrija mdomoni, mtu mmoja akamwuliza kama ni kweli kwamba biashara ya ng'ombe sasa anaifanya mama. Mwingine akasema safari ijayo atafungwa kamba shingoni Owor mwenyewe, apelekwe Busia, ila haijulikani kama atapata mnunuzi. Watu wakacheka mpaka mirija ikatoka chunguni. Owor akainuka, akapanda baiskeli, hakushuka mpaka Tororo, kituo cha polisi.

Maneno yake yaliandikwa na Sajini Obbo, mtu mnene mwenye mwandiko mzuri, ambaye ndiye pia aliyekuwa akisimama mahakamani kuwashtaki watu. Sajini akauliza huyo mwizi ni nani wake. Hapo Owor akashikwa na kigugumizi. Akisema ni mke wake, polisi nao watacheka, na kicheko alikuwa ameshakishiba. Akasema ni mwanamke anayekaa kwake. Sajini akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Walipomkamata Akwi na kumsomea shtaka, neno mwizi halikumuuma sana. Alikuwa amelitarajia. Kilichomuuma ni lile la mwanamke anayekaa kwake. Alikuwa amemzalia mtu huyu watoto wanne, amemwuguza homa ya matumbo, amemfulia nguo za kwendea kanisani Jumamosi baada ya Jumamosi, na mbele ya serikali alikuwa mpangaji. Alilia palepale mbele ya askari, akalia kwa hasira, kisha akajipangusa akauliza dhamana inatolewaje. Akina mama wa kanisa wakaja kumtoa.

Chai naye alikamatwa. Alitolewa bomani kwa Etyang akafungwa nyuma ya kituo, kwa kuwa alikuwa kielelezo cha kesi. Kielelezo kilikamuliwa asubuhi na jioni, na chai ya kituo kile haikuwahi kuwa na maziwa mengi namna ile. Sajini Obbo alikuwa akiwaambia wenzake kwamba upelelezi wa kesi nzito hauharakishwi.

Mjini Tororo, mkabala na mahakama, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, alikuwapo mtu aliyeitwa Osire. Alitoka upande wa Kenya, na zamani alikuwa mkalimani wa mahakama huko kwao, akaachishwa kazi kwa kosa la kuyatengeneza majibu ya washtakiwa yakawa mazuri kuliko walivyoyatoa. Kipaji kama hicho hakipotei. Sasa alikuwa akiuza utetezi kwa rejareja, na malipo yake yalikuwa kuku. Akwi alimpelekea jogoo.

Osire alimpima jogoo kwa mkono, akamfunga kwenye mguu wa kiti, akaanza kutandaza bidhaa zake. Utetezi wa kwanza ulikuwa wa kutokuwapo, mshtakiwa aseme siku ile alikuwa mahali pengine. Akwi akasema aliwasalimia watu wa Kirewa nzima, na wengine walimtuma salamu. Osire akasogeza wa pili, wa ulevi, kwamba alikuwa amelewa hata hakujua anafanya nini. Akwi akasema yeye ni mama wa kanisa, na huyo Owor mwenyewe penye malwa anakwenda kukaa tu. Wa tatu ulikuwa wa kichaa. Ulikuwa mzuri, Osire akasema, umewatoa watu wengi, na ubaya wake ni kwamba wengine hawakuruhusiwa kupona. Akwi akakataa. Wa nne ulikuwa wa kukosea, kwamba alidhani ni ng'ombe mwingine. Akwi akauliza ni ng'ombe gani mwingine duniani mwenye pembe kama ile.

"Basi kuna wa kudai haki," Osire akasema. "Mtu akichukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni haki yake, huyo si mwizi."

"Huo ndio wangu. Ile ngombe ni ya mahari."

"Ndiyo, Mama Loy, lakini nani atasema mahari haijaisha? Mume wako ameliambia kanisa imekwisha. Wazee wote wale watashika Biblia waape walisikia. Wewe utaleta nani? Baba yako, ambaye ng'ombe alikutwa kwake?"

Uongo wa Owor ulikuwa umebarikiwa na watu wengi mno kuweza kubishiwa na mwanamke mmoja. Osire akamwacha afikiri, akamtazama jogoo, na kwa kuwa jogoo alikuwa mkubwa kweli, akainama akatoa utetezi aliokuwa ameuweka chini kabisa. Sheria, alisema, haijui wizi kati ya mume na mke wanaoishi nyumba moja. Vya mume na vya mke ni vya nyumba. Mke anaweza kugombana, kupoteza, kuficha, kuhamisha, lakini kuiba hawezi, maadamu wanaishi pamoja. Aliporudi kutoka kwa baba yake, alikwenda kukaa wapi? Akwi akasema alikwenda kupika. Osire akapiga paja lake kwa furaha, akamwambia aende kulala, kesi amekwisha kuishinda, aseme tu ni mke wa Owor kisha anyamaze kabisa.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wazee wa kanisa walikaa benchi la mbele wakiwa na makoti yao, wamekuja kumuunga mkono mwenzao. Nyuma yao walikaa mzee Etyang na jamaa zake. Chai alikuwa amefungwa uani, dirisha likamwonyesha wazi, akila maua ya serikali. Ikiring alisimama kando yake ameshika kamba mpya, na upande wa pili alisimama mchunga ng'ombe wa Owor, naye ana kamba yake. Hakimu, Bwana Edimu, alikuwa mwembamba na mwenye uso uliochoka, mtu aliyekwisha kusikia uongo wa kila kabila. Kwa kuwa Owor ni Mjopadhola na Akwi ni Mteso, na nyumbani walikuwa wakisemezana Kiswahili cha sokoni tangu walipooana, hakimu akaamuru kesi iende kwa Kiswahili hichohicho.

Owor akatoa ushahidi wake. Alikuwa Busia kibiashara, akarudi, akakuta ng'ombe hayupo, mwanamke akakiri. Sajini Obbo akamshukuru. Hakimu akamwuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Akwi alishika kizimba kwa mikono miwili. Aliiogopa jela, na hakuona sababu ya kujificha.

"Baba Loy," alisema, "ile jioni umerudi kutoka Busia, ulikula?"

Sajini akapinga kwamba chakula hakimo katika shtaka. Hakimu akasema angependa kujua. Owor akakubali kwamba alikula. Akaulizwa nani alipika. Akatazama dari, akasema ni mshtakiwa. Akaulizwa kama chakula kilikuwa kibaya. Owor, ambaye katika mambo ya chakula hakuweza kusema uongo, akajibu kwamba kilikuwa kizuri, na kwamba aliongezewa mchuzi. Benchi la nyuma likaguna. Hakimu akaandika, na ilionekana wazi kwamba ameandika mchuzi.

Kisha akafungua kitabu kinene, akasoma kimya, akakifunga, kidole kikiwa ndani. Akaeleza kwamba ikiwa hawa ni mume na mke, na jioni ileile walikuwa wakila chungu kimoja, basi mahakama haina mwizi. Mshtakiwa ataachiliwa sasa hivi. Na kwa kuwa ng'ombe ni mali ya nyumba ya Owor, alihamishwa tu, basi arudi Kirewa.

Uso wa Owor ukachanua. Alikuwa hajajua kwamba sheria ni tamu kiasi hicho. Mke anarudi, ng'ombe anarudi, deni linabaki kwenye ukame. Dirishani, Osire alikuwa akimpungia Akwi mkono akae chini, aseme asante bwana hakimu, waende wakale. Uani, mchunga ng'ombe wa Owor akaanza kufungua fundo la kamba ya Chai. Ikiring aliikunja kamba yake taratibu, kama mtu anayekunja mkeka baada ya msiba.

Akwi alimwona. Akaona pia ule mtungi wa maji, na foleni ya kisimani, na yeye mwenyewe amesimama nyuma ya watoto wa shule mpaka anazeeka. Alikuwa huru. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, na alipojaribu kuufunga akakuta haufungiki.

"Bwana hakimu," alisema, "mimi si bibi yake."

Osire alishika kichwa. Sajini Obbo, ambaye alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake, akaziweka tena chini kwa heshima. Hakimu akamwambia Akwi kwa upole kwamba afikiri vizuri, kwa sababu huo ndio mlango pekee uliokuwa wazi, na akiufunga mwenyewe nyuma yake iko jela, na si ya siku chache. Akwi akasema amefahamu. Kisha akaendelea.

"Kwetu mwanamke anakuwa bibi ya mtu wakati ngombe imetimia. Ya mwisho ni ile iko nje, nakula maua yenu. Kama ile ngombe nakwenda Kirewa, mimi nakwenda kwa baba yangu, na watoto wangu wanne nakwenda na mimi, kwa sababu mimi ni msichana wa Etyang tu, na niliiba, mnifunge. Kama ile ngombe nabaki kwa Etyang, basi mimi ni bibi, na bibi haibi. Muulize Baba Loy ngombe nakwenda wapi. Yeye aseme mimi ni nani."

Hakimu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameamka na kesi za kuku na baiskeli, akaonekana kuchangamka kidogo. Akamrudisha Owor kizimbani, akamkumbusha kiapo chake.

"Huyu mwanamke ni mke wako, au si mke wako?"

Sajini alikuwa akimkonyeza Owor kwa nguvu zote. Mlango wa jela ulikuwa umefunguliwa na mshtakiwa mwenyewe, kilichobaki ni shahidi kusema neno moja, siye. Owor akalifikia neno lile, likafika mpaka kwenye meno. Hapo akaliona benchi la mbele. Wazee wa kanisa walikuwa wameegemea mbele wote pamoja, mikono juu ya bakora. Akisema si mke wake, maana yake miaka yote hii amekuwa akiwagawia watu meza ya Bwana huku akiishi na msichana wa watu. Akawaza pia watoto wake wanne ndani ya basi la Busia. Akawaza, na hili tumpe haki yake, jioni za Kirewa bila Akwi, na akajisikia vibaya sana.

"Ni bibi yangu," akasema.

"Mahari imekwisha?"

Owor akalitazama benchi tena. "Imekwisha. Nilimaliza. Hawa wazee nilishawaambia."

Wazee wakaitikia kwa vichwa kwamba kweli waliambiwa.

"Ng'ombe wa mwisho alikuwa yupi?" hakimu akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

Hapa ndipo uchuuzi ulipomponza Owor. Mtu mwingine angetaja ng'ombe yeyote, mweusi, wa zamani, aliyekwisha kufa. Lakini Owor alikuwa mtu wa minada, na kila aliyekaa mle ndani alijua kwamba hajawahi kusahau rangi, pembe wala mnunuzi wa mnyama aliyepita mikononi mwake. Jamaa za Etyang, ambao walijua vilevile kila mnyama aliyewahi kuingia katika boma lao, walikuwa wamenyoosha shingo wakingoja kusikia. Owor akageuka dirishani kutafuta msaada. Chai alikuwa pale akitafuna, pembe imepinda kuelekea jicho.

"Ni ile," Owor akasema. "Ile iko nje."

"Huyu kielelezo?"

"Ndiyo."

"Nani alimpeleka kwa mkweo?"

"Mimi nilikuwa na safari ya Busia. Nilimtuma bibi yangu."

Sajini Obbo akakaa chini. Alisema baadaye kwamba katika kazi yake ameona mashahidi wengi wakimwokoa mshtakiwa, ila hajawahi kuona mlalamikaji akijitangaza kuwa ndiye aliyemtuma mwizi. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Akasema kwamba ng'ombe aliyetumwa na mwenyewe hakuibwa, kwamba mke hamwibii mumewe anayeishi naye, na kwamba Chai ni wa mzee Etyang kwa kiapo cha mlalamikaji. Akamwambia Sajini akirudishe kielelezo leo hii, kabla ya kukamuliwa kwa jioni. Uani, Ikiring alikuwa ameshaikunjua tena kamba yake. Akwi alishuka kizimbani akakaa kwenye ngazi za mahakama, na akina mama wa kanisa wakamshikashika mabega huku wakicheka na kulia.

Chai hakukaa sana kwa Etyang. Kabla ya mavuno aliendelea na safari hadi Bulumbi, fundi cherehani akabaki na baiskeli yake, na Ikiring akaoa. Siku ya arusi wake za ndugu zake Akwi walimtandikia mkeka mbele, wakamletea maji ya kunawa. Alinawa polepole. Owor alikaa na wakwe wenzake, akawaeleza jinsi alivyowachambua ng'ombe wake wote mpaka akamchagua yule aliyekuwa bora, na jinsi alivyomwambia mkewe aondoke asubuhi kabla jua halijawa kali. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini, na hata Etyang akaishia kumshukuru.

Lakini maneno ya hakimu hayakubaki Tororo. Yalipanda baiskeli, yakapanda basi, yakafika visimani. Kwamba mke hamwibii mume. Minadani Busia walianza kuonekana wanawake wa Kirewa wakiuza mbuzi, magunia ya simsim, mara hata redio, na waume walipokwenda kituoni, polisi waliwauliza swali moja tu, nani alipika jana. Wanaume kadhaa walijaribu kusema kwamba hao si wake zao kisheria, mahari haijaisha. Habari hizo ziliwafikia wakwe zao, nao wakaja na fimbo kuwachukua binti zao. Msimu ule barabara ya kwenda kwa wakwe ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko magari. Wazee wa kanisa walikutana kuzungumzia jambo hilo zito, lakini kikao hakikufika mbali, maana wanne kati yao walikuwa wameondoka mapema kuswaga wanyama. Osire aliongeza kiti cha pili barazani, na kuku wakawa wengi mpaka Mhindi akalalamika.

Jioni moja, Owor alikuwa anakula, Akwi ameketi kwenye kigoda akimenya karanga. Bila kuinua kichwa, Akwi akasema kwamba Loy anahitaji sare ya shule na viatu, kwa hiyo kesho anampeleka yule beberu mweupe Busia, akamuuze.

Owor alisimamisha tonge hewani. Beberu yule alikuwa amemtengea mnada wa Tororo, na bei yake alikuwa ameshaiweka kichwani. Akamtazama mkewe. Akakumbuka dirisha la mahakama, akakumbuka kitabu kinene, akakumbuka na mchuzi ambao bado ulikuwa mbele yake. Tonge likaingia mdomoni, akalitafuna mpaka likaisha.

"Sawa, Mama Loy," alisema. "Lakini watu wakikuuliza njiani, sema mimi ndiye nimekutuma."